Fanksheni moja kwa menyu nzima

Ukurasa huu wa wavuti ni wa mama anayepika mahamri, viazi karai na bajia hapa Majengo, Mombasa. Mteja anajaza idadi, anabonyeza kitufe, anaona jumla. Nilianza na fanksheni tatu (vipande vya msimbo vinavyoitwa kwa jina) za JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, moja kwa kila chakula, kila moja imebeba bei yake tumboni na inasoma kisanduku chake yenyewe. Zilifanya kazi. Shida ilianza na nauli ya bodaboda: mstari mmoja wa kuongeza ukawa wa kuandikwa mara tatu, na kwenye karai nikausahau.

Nikazifuta zote, nikaandika hii:

function jumla(bei, idadi, usafiri) {
  return bei * idadi + usafiri;
}

Majina matatu kwenye mabano ndiyo parameta: vyombo vitupu, hujazwa unapoiita. Mahamri sita ya shilingi 10, na 50 za bodaboda, ni jumla(10, 6, 50). Jibu 110. JavaScript haiangalii majina, inahesabu nafasi tu. Andika jumla(50, 10, 6) uone: hakuna onyo, unapewa 506. Ukipishanisha bei na idadi peke yake ndiyo mbaya zaidi, maana jibu halibadiliki na kosa linalala humo.

Mteja anayejichukulia mwenyewe hana nauli. Nikaita jumla(10, 6), ikatoka NaN (yaani si namba), kwani nafasi iliyoachwa wazi huwa undefined (haina thamani). Dawa ni kuandika usafiri = 0 palepale kwenye mabano; lugha inaruhusu tangu toleo la 2015. Iwe parameta ya mwisho, la sivyo huwezi kuiruka bila kuandika undefined mahali pake.

Lililonitoa jasho ni oda ya 110 kuonekana 6050. Kisanduku cha HTML hutoa maandishi kupitia value, hata ukikiwekea type="number". Alama ya * huyageuza kimyakimya kuwa namba, lakini + ikikuta maandishi upande mmoja inagandisha tu: 60 na "50" ni "6050". Sasa napitisha kila thamani kwenye Number(), inayoigeuza kuwa namba, kabla ya kuita jumla.

Kazi ya kusoma visanduku nayo nimeitoa nje ya fanksheni. Fanksheni inayojua kisanduku cha mahamri haitahudumia karai hata siku moja. Ndani imebaki hesabu na return (neno linalorudisha jibu), na hesabu yenyewe ianze mstari uleule wa return: ukishuka chini, JavaScript inaweka nukta-mkato yake hapo na unarudishiwa undefined.