Ninavyofundisha kuhoji picha za habari kwa picha mbili za Rosa Parks

Nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kuihoji picha ya habari, siwapi picha za uzushi zinazozunguka WhatsApp. Hizo huzishtukia mapema, kisha hudhani kazi imekwisha. Nawapa picha halisi, za mtu halisi, ambazo hata hivyo zimewafanya watu wengi waamini jambo lisilotokea vile.

Katika picha ya kwanza Rosa Parks, mwanamke mweusi wa Marekani, amekaa ndani ya basi, kofia kichwani, anatazama nje dirishani. Kiti cha nyuma yake amekaa Mzungu. Katika ya pili anachukuliwa alama za vidole. Zote mbili huchapishwa mara kwa mara kana kwamba ni za 1 Desemba 1955, siku alipokataa kumpisha Mzungu kiti mjini Montgomery, Alabama. Hakuna hata moja iliyopigwa siku hiyo. Ya vidole ni ya Februari 1956, alipokamatwa tena pamoja na viongozi wenzake kwa kuongoza ususiaji wa mabasi. Ya basi ni ya 21 Desemba 1956, siku mabasi yalipoanza kubeba abiria bila kutenga viti, baada ya watu weusi kuyasusia kwa siku 381. Yule Mzungu ni Nicholas Chriss, mwandishi wa habari wa United Press, na wawili hao walikaa hivyo ili wapigwe picha.

Somo linahitaji vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80. Kila kundi la watu watano hupata nakala moja ya kila picha kwenye karatasi ya A4, maelezo ya chini yakiwa yamekatwa na kuwekwa kwenye bahasha. Angalia sana fotokopi. Mashine ikiachwa kwenye mpangilio wa maandishi, kijivu chote hugeuka cheusi na uso wa Chriss unapotea, na bila uso huo hakuna somo. Chagua mpangilio wa picha, upunguze wino, ujaribu nakala moja kwanza. Simu hukaa mbali hadi bahasha zifunguliwe.

Dakika 15 za mwanzo wanachora jedwali la safu mbili: ninachokiona na ninachokikisia. Safu ya kwanza hujazwa mambo ya safu ya pili. Mtu ataandika "amechoka" au "Mzungu amekasirika". Simsahihishi, namwambia aweke kidole pale uchovu ulipo kwenye karatasi. Kidole kikikosa pa kutua, neno linahamia upande wa pili bila mabishano.

Kisha nauliza swali ambalo kwangu ndilo uti wa somo: ikiwa sheria iliwatenga Wazungu mbele na weusi nyuma, kwa nini Mzungu huyu amekaa nyuma ya mwanamke mweusi, tena ametulia? Darasa lisilojua habari za Montgomery haliwezi kulijibu, ndiyo maana kabla yake tunapanga viti. Basi lilikuwa na viti 36, na 10 vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Rosa hakukaa katika hivyo 10, alikaa safu iliyofuata, na hilo huwashangaza karibu wote. Dereva James Blake aliwaamuru watu wanne wa safu hiyo wasimame kwa ajili ya Mzungu mmoja, watatu waliinuka. Vikishapangwa viti vinne, viwili kila upande wa njia, wanafunzi wenyewe wanaona kwamba picha haikubaliani na siku ile. Hapo ndipo bahasha zinafunguliwa.

Baada ya picha tunageukia maneno. Ubaoni naandika utambulisho wa aina mbili: "mshonaji wa miaka 42 aliyekuwa akitoka kazini" na "katibu wa tawi la NAACP (chama cha kutetea haki za watu weusi), aliyehudhuria mafunzo ya kupinga ubaguzi huko Highlander, Tennessee, kiangazi cha 1955". Kila neno ni kweli pande zote mbili. Kazi yao ni kueleza msomaji wa kila upande atatarajia nini. Rosa mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba mwili haukuwa umechoka kuliko siku nyingine; alichoka kukubali kuonewa. Namtaja pia Claudette Colvin, aliyekamatwa 2 Machi 1955 akiwa na miaka 15 katika mji huohuo kwa kosa la aina hiyohiyo, na ambaye baadaye alikuwa mmoja wa wadai wanne katika kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyovunja ubaguzi ndani ya mabasi. Nawauliza kwa nini sura yake hawajawahi kuiona.

Hatari kubwa ya somo hili ni mwanafunzi kuondoka akisema picha zote ni uongo. Huo ni uvivu ule ule wa kuamini kila kitu. Picha ya basi ni ushahidi mzuri wa 21 Desemba 1956 na wa namna wanahabari walivyotaka ushindi uonekane. Si ushahidi wa kukamatwa. Kwa hiyo kazi ya mwisho ni kuandika maelezo mapya ya picha, maneno yasiyozidi 30. Natoa alama 10: mbili kwa tarehe na mahali, tatu kwa kumtambulisha Chriss kwa kazi yake, tano kwa kutaja jambo moja ambalo picha haiwezi kuthibitisha. Anayeandika "shujaa" bila tarehe hurudishiwa karatasi aandike upya.