Nilivyokaribia kununua injini nyingine ya pikapu

Mwezi wa tano nilipakia saruji mifuko 20 Mtwara mjini napeleka Masasi, na ile Hilux yetu ya dizeli yenye injini inayoitwa 3L, haina tabo wala mbwembwe, gari aliyotuachia mzee na ndo ilitusomesha wote wanne. Nimepita Mtama, nimepita Nyangao, nakaribia Ndanda nasikia nguvu inakata, kucheki geji mshale umeshapanda mpaka juu kabisa. Nikasimama pembeni, nafungua boneti ni mvuke tu. Watoto wa pale wakaniletea maji kwenye madumu hata sijaomba, wanaijua hiyo sura.

Tuseme ukweli, dalili nilikuwa naziona toka mwaka jana. Asubuhi ukiwasha moshi wa bluu, oili naongeza karibu lita moja kila wiki, mi najisemea gari la zamani bwana, kama mzee lazima akohoe. Siku fundi alipotaka kunionyesha alifungua kifuniko cha oili injini inanguruma, akakigeuza juu chini akakiweka pale pale kwenye tundu, kikawa kinarukaruka kama kifuniko cha sufuria ya mihogo. Akaniambia kaka, hiyo pumzi inatoka kwenye silinda inashuka chini, ringi za pistoni zimeisha.

Basi kila mtu akawa na lake. Shemeji yangu yuko Dar, akapiga simu kesho yake tu, injini ya mtumba kutoka Japani ipo, milioni 3 na laki 8, bado usafiri, na ukifika kuna mambo ya kadi maana namba ya injini imeandikwa kule, inabidi ukabadilishe TRA. Akasema tupa hilo dude, siku mbili uko barabarani. Na mi nilishakubali jamani, msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi halafu gari iko kwenye matofali si unakufa na njaa huku unaona magunia yanapita.

Aliyenizuia ni fundi. Alisema neno moja tu, "hiyo utakayonunua unaijua ilichemka mara ngapi?" Nikanyamaza. Injini ya mtumba inakuja imeoshwa inang'aa, imepigwa na rangi, huwezi kuijaribu mpaka uifunge, na waranti yake mara nyingi ni mdomo wa muuzaji.

Tukapima kompresheni kwanza, yaani kila silinda inabana hewa kwa nguvu kiasi gani. Kwa dizeli inabidi geji yake maana hizi zinapanda mpaka psi 400 huko, ya petroli utaiua. Silinda tatu zinakaribiana, ya nne iko chini mbali. Ya nne ndo ya nyuma kabisa, maji yanafika kule yameshachoka. Tukafungua hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, gasketi imeungua upande ule ule, na katikati ya valvu kuna ufa mwembamba kama unywele, bila tochi huuoni. Hedi ikafa rasmi. Ila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaipima haijawahi kuchongwa hata mara moja, saizi ya kiwandani, fundi akaibusu hahaha, siwatanii, mzee mzima kabusu chuma.

Sasa kilichoniuma. Alipofika kwenye themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, akakuta nyumba tupu. Akaniuliza nani katoa. Ni mimi! Miaka mitatu nyuma jamaa mmoja aliniambia nchi za joto hiki kidude hakina kazi, nikang'oa nikatupa. Kumbe bila hicho injini inatembea baridi muda mrefu, haifiki joto lake la nyuzi 82 huko, na injini baridi inalika haraka. Halafu rejeta nilikuwa najazia maji ya kisima, na wa pwani mnajua maji ya visima vyetu yalivyo, chai yenyewe inakuwa na chumvi. Akakata rejeta, nusu ya mirija imeziba tope jekundu la kutu. Yaani ningeleta injini ya milioni 3 na laki 8 nikaifunga kwenye rejeta ile ile, nadhani hata Masasi mara tano isingefika.

Kwa hiyo nikarepea. Bloku lilipanda lori lililokuwa linarudi Dar likachongwe, pistoni na ringi tukaweka saizi kubwa kidogo, ya 0.50, hedi mpya, beringi, rejeta mpya, themostati, na kulanti ya dukani. Jumla milioni 2 na laki 6, na wiki tano za kupigiwa simu na wateja. Kama krenki ingekuwa imeshachongwa mara mbili au bloku lina ufa, hapo ningempigia shemeji bila aibu. Shemeji mwenyewe bado kanuna, anasema nimeweka kiraka kwenye suruali iliyochanika.

Fundi kasema kilomita 1,000 za mwanzo nisibebe mzigo mzito, nimwage oili halafu ndo niendelee, kwa hiyo sa hivi nabeba magodoro tu, yananipepea kule nyuma. Juzi nimepita Ndanda nikasimama pale pale ninunue ndizi, mshale umetulia chini ya nusu, nageuka naona wale watoto wanakuja mbio na madumu yao.