Shaka yangu nilienda nayo kanisani

Mdogo wangu alikuwa na selimundu. Mwaka wake wa mwisho tulifunga, tukakesha, akawekewa mikono. Tulipomzika, waombolezaji walinifariji kwa maneno ya Ayubu, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa", nami nikaitikia amina. Jumapili iliyofuata nilikuwa kwenye kwaya, naimba besi, na moyoni nauliza: hivi kuna anayetusikia kweli?

Swali hilo nililificha kwa miezi. Ukiwa mtoto wa familia ya kanisa, shida za ada au za ndoa unaweza kuzisema jumuiyani, lakini hii ya kwangu ukiitaja watu wanaanza kukukemea mapepo. Wa kwanza kumwambia alinikata kauli: "Mambo ya Mungu hayahojiwi." Mimi naona jibu hilo limetoa vijana wengi kanisani, tena kimyakimya.

Aliyenisaidia ni mwinjilisti mstaafu wa mtaa wetu. Nilimkuta shambani akipalilia migomba, nikamwamkia shikamoo, nikamwaga yote. Hakukimbilia kuniombea. Aliuliza tu, "Mwanangu, Yohana Mbatizaji alikufaje?" Nikasema alikatwa kichwa gerezani. "Haya, kasome alichouliza kabla ya kufa."

Ni Mathayo 11. Yohana, aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, anatuma wanafunzi wake kutoka kifungoni: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakasiriki. Anawatuma wakamwambie kwamba vipofu wanaona, viwete wanatembea, wafu wanafufuliwa. Nilirudia orodha ile hadi nikagundua kinachokosekana. Isaya 61 inataja pia waliofungwa kufunguliwa, na Yesu mwenyewe aliisoma sehemu hiyo kule Nazareti. Kwa Yohana, aliye ndani, jambo hilo halitajwi, na kweli hakutoka. Lakini wajumbe wakiwa wanaondoka, Yesu anauambia umati kwamba katika wazao wa wanawake hajatokea aliye mkuu kuliko huyo. Anamsifu siku ileile aliyoulizwa swali la shaka!

Sijui wengine wanasomaje. Mimi niliona kwamba mtu anaweza kuuliza, asifunguliwe, na bado asihesabiwe muasi. Hilo lilinitosha kuanza kuomba tena. Maneno yangu yalikuwa yameisha, nikaazima ya Zaburi 88, ya Hemani. Zaburi nyingi za malalamiko humalizia kwa sifa. Hii inaishia gizani, na hakuna aliyeiondoa kwenye Biblia. Niliisoma kwa sauti chumbani, nikiweka jina la mdogo wangu katikati.

Baadaye ilipofika zamu yangu ya kuongoza jumuiya, niliisoma hiyohiyo, nikaeleza kwa nini. Walikaa kimya. Mzee mmoja akapendekeza tuimbe pambio la furaha. Mama mmoja mjane akasema, "Hapana, isome tena, polepole." Tukaisoma tena. Pambio likaja mwishoni, na safari hii niliimba bila kujilazimisha.

Swali halijaniisha. Hunirudia hasa nikisikia ushuhuda wa mtoto aliyepona. Siku hizi naitikia amina kwa furaha yao, kisha usiku namuuliza Mungu mbona sisi hatukupewa. Huwa namuuliza yeye mwenyewe, kwa jina lake. Zamani nilikuwa nalizungusha kichwani peke yangu, na huko ndiko lilikokuwa linaninyima usingizi.