Droo na jiko la kuvuta nyuma ya gari letu

Baada ya wiki tatu za kupima, kukata na kurekebisha, jana niliegesha gari ufukweni Msimbati, nikafungua mlango wa nyuma na kulivuta nje jiko nililolitengeneza kwa msaada wa fundi seremala wa Mikindani. Sanduku ni la plaiwudi ya milimita 18, lenye droo mbili: ya kushoto hubeba vyombo, unga na viungo, na ya kulia ndiyo jiko lenyewe.

Kazi kubwa ilikuwa reli za kutelezea droo. Jozi ya kwanza, ya aina ya kabati za nyumbani, ilipinda siku ile ile, kwa sababu jiko likivutwa nje kabisa uzito wote huelemea ncha, na dumu la maji la lita 20 peke yake lina kilo 20. Nikanunua reli nzito zenye gololi, nikaongeza mguu wa kukunja, kisha nikalifunga sanduku sakafuni kwa bolti. Skrubu zote ni za chuma cha pua (gharama iliniuma, lakini hewa ya chumvi huku kwetu haina huruma).

Mtungi wa gesi wa kilo 6 huushusha chini, mbali na gari, kabla ya kuwasha, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Mama alipika wali wa nazi na mchuzi wa pweza, tukala huku maji yakijaa.