Diski ya kurekodia gemu: nunua nafasi kabla ya kasi

Wengi hukimbilia NVMe (diski ya SSD yenye kasi sana, isiyo na sehemu inayozunguka) ya bei kubwa ili warekodi gemu, wakati hela hiyo ingefaa zaidi kununulia nafasi. Piga hesabu: ukirekodi kwa OBS, programu ya kurekodi skrini, kwa megabiti 50 kwa sekunde, diski inaandika megabaiti 6.25 tu kila sekunde. Hata diski ya kuzunguka (HDD) ya mizunguko 7200 kwa dakika inamudu zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde. Kinachoisha ni nafasi. Saa moja ya video inakula GB 22.5, hivyo TB 1 inajaa baada ya saa 44 hivi.

Video ikikatakata kwa sababu ya diski, mara nyingi ni kwamba diski moja imebebeshwa kila kitu: Windows, gemu na video yenyewe. Tenganisha. Gemu likae kwenye SSD, video iende diski ya pili. Ukichukua ya kuzunguka, soma vipimo vyake uhakikishe ni CMR, yaani ile inayoandika mistari ya data bila kulaliana. Za SMR huandika mistari ya data ikilaliana, kwa hiyo ukishafuta na kuandika upya mara nyingi, kasi inaporomoka ghafla.

Diski ya nje ichomeke kwenye tundu la USB 3, na uifomati kwa mfumo wa faili wa exFAT au NTFS. Mfumo wa zamani wa FAT32 haupokei faili la zaidi ya GB 4, yaani kama dakika 11 tu kwa kiwango kile cha megabiti 50.

Halafu, tafadhali, kwenye OBS chagua aina ya faili la video iitwayo MKV badala ya MP4. Umeme ukikatika, MP4 ya kawaida haifunguki tena. MKV inabaki na yote yaliyokwisha kuandikwa, na OBS yenyewe huigeuza kuwa MP4 baadaye bila kupunguza ubora.