Seli na mfereji: kumbukumbu ya mradi hadi wiki ya 4

Wiki ya 1. Ubao wa kuchorea ni plaiwudi ya milimita 12, sentimita 90 kwa 90, na nyuma una fremu ya mbao za inchi 2 kwa 1. Bila fremu, maji ya rangi huupinda. Mchoro una vitu viwili tu: mraba wa sentimita 45 wenye dirisha la nondo tatu, na mfereji unaotoka chini ya mraba hadi ukingoni mwa ubao. Lugha hii ya maumbo ni ya mchoraji Peter Halley wa New York, ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 amekuwa akiuchora mraba kama jela au chumba, si kama umbo tupu; ndiyo seli ya kichwa cha habari hii. Mfereji huleta umeme na simu; aliye ndani hana haja ya kutoka. Kwetu nondo huwekwa dirishani kuzuia mwizi, kwa hiyo haijulikani mara moja aliyefungiwa ni nani.

Wiki ya 2. Mraba lazima uonekane ukuta. Halley hutumia Roll-a-Tex, kiungo cha kukwaruzisha rangi za nyumba. Hapa ni emalshani lita 1 na gramu 400 za mchanga wa mto, uliooshwa, ukakaushwa na kuchekechwa kwa chekeche ya unga. Wa ufukweni usiuguse: chumvi yake huvuta unyevu na rangi hubambuka.

Jaribio la kwanza liliharibika. Utepe wa kuzuia rangi ulibandikwa juu ya mchanga uliokwisha kauka, rangi ikapenya chini yake na ukingo ukawa kama meno ya msumeno. Utepe utangulie, mchanga upakwe kwa mwiko, kisha utepe ung'olewe kungali kubichi. Ukichelewa, unaondoka na vipande vya ukuta.

Wiki ya 3. Rangi ya neoni, ile kali inayong'aa, haifuniki iliyo chini yake. Juu ya kijivu, chungwa lilitoka chafu. Mikono miwili ya nyeupe kwanza, kisha minne myembamba ya neoni. Jua huipausha; vanishi yenye kinga ya miale huchelewesha tu. Picha ya simu haiinasi, usiihukumu kwa picha.

Wiki ya 4. Upana wa mfereji ulijaribiwa kwa vipande vya karatasi. Sentimita 1 ni mstari tu, 6 ni barabara, umebaki 3. Mandharinyuma hayapati mchanga. Ubao wa pili, sentimita 90 kwa 30, utafungwa chini kwa bolti, na ufa kati ya mbao hizo mbili ndio utakuwa usawa wa ardhi.