Siku moyo wa Bibi ulipochorwa Maweni

Juzi binti yangu aliniuliza kama ni kweli moyo una umeme. Nikamjibu ndiyo, nikaendelea kukaanga migebuka, lakini akili ilishakwenda Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, 2017.

Bibi alikuwa ameanguka tena, safari hii karibu na mtungi. Majirani walisema uzee. Inaniuma mpaka leo jinsi neno hilo linavyofunga mjadala, wakati mzee anayezimia ghafla anastahili kupimwa moyo. Baba mdogo akaita bajaji, tukatoka Ujiji.

Kipimo kilikuwa ECG, mashine inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Muuguzi alimfungua khanga kwa heshima, akambana vibanio mikononi na miguuni, akampaka jeli kifuani. "Baridi hiyo, mwanangu," Bibi akalalamika. Kifua kilikuwa mbavu tupu, vikombe vya mpira vya mashine vikawa vinabanduka, muuguzi anavirudishia. "Tulia Bibi, usiongee." Karatasi ya miraba ikaanza kutoka. Mwiba mmoja, kisha mstari mtupu, mrefu, hadi nikadhani mashine imekwama. Ndipo ukaja mwiba wa pili.

Daktari alihesabu kwa ncha ya kalamu: miraba mikubwa minane kati ya mwiba na mwiba. 300 gawanya kwa 8, mapigo kama 37 kwa dakika. Mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100. Akatuonyesha na vilima vidogo vilivyojipitia kwa mwendo wao, havifuatani na miiba. Vilima ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, miiba ni wa vyumba vya chini. Njia ya umeme kati yao ilikuwa imekatika. Kwa wazee sana, alisema, huota makovu taratibu, hata kwa asiyewahi kuugua moyo. Vyumba vya chini hubaki vikijipigia polepole, na ubongo ukikosa damu, mtu anaanguka.

Kidonge cha kuifungua njia hiyo hakuna. Ni betri ya moyo, kifaa kidogo kinachousukuma moyo upige kwa umeme, na betri tuliambiwa tuifuate Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Bibi, aliyezaliwa 1921, mwaka Wabelgiji walipowaachia Waingereza Kigoma, alisikiliza yote. Akauliza inawekwa wapi. Chini ya ngozi, karibu na mtulinga. "Ahsante, baba," akamwambia daktari. "Mimi nirudisheni Ujiji."

Alifariki baada ya Idi. Baba mdogo husema tungembeba hivyo hivyo. Mama humjibu kwamba mwenye akili zake timamu habebwi kama gunia. Wakianza, mimi nashindwa kuchagua upande.